Kabla Zimamoto Hawajafika

Likitajwa neno zimamoto, wengi wetu tunafikiria gari jekundu, king'ora, mpira wa maji, na nyumba inayowaka mjini. Ndiyo maana wengine husema, "Hayo ni mambo ya mjini. Sisi wa kijijini yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu sana. Leo tutaeleza kazi za watu hawa, na kwa nini mkulima wa Kamachumu au mvuvi wa Bumbire anapaswa kuzijua. Tutaeleza pia kazi yetu sisi wenyewe, katika dakika zile za kwanza kabla hawajafika.

JINA LAO NI REFU KULIKO TUNAVYOLITAJA

Jina lao kamili ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hebu tulisome tena polepole. Lina sehemu mbili. Kuzima moto ni sehemu ya kwanza. Uokoaji ni sehemu ya pili, nayo ndiyo watu wengi huisahau.

Kuokoa ni kumtoa mtu mahali ambapo hawezi kutoka mwenyewe. Mtu aliyezama ziwani anahitaji kuokolewa. Aliyetumbukia kisimani, aliyebanwa ndani ya gari, aliyefunikwa na ukuta wakati wa tetemeko, wote hao wanahitaji kuokolewa.

Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji, kwa hiyo watu waliviona kuwa ni vitu vya mjini tu. Mwaka 2007 ilitungwa sheria ya kuunda jeshi moja la nchi nzima. Leo Jeshi hilo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Si la mji mmoja, wala si la matajiri. Ni letu sote.

Simu yao ya dharura ni 114. Kupiga namba hiyo ni bure. Hata wakija kuzima moto au kuokoa mtu, hawakudai malipo. Usije ukaacha kupiga simu kwa kuogopa gharama.

NIA NJEMA PEKEE HAITOSHI

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa kusaidiana. Mwano ukipigwa, watu hutoka mbio. Huu ni urithi mzuri, tuushike. Lakini kuokoa ni ufundi. Mtu mwenye nia njema asiyejua ufundi huo anaweza kufa yeye, au kumwua yule anayemsaidia.

Tutoe mfano ambao bado unatuuma. Mwezi Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaenda Mwanza. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Ikiwa karibu kufika Mwanza, tarehe 21 Mei, ilipinduka. Walikufa mamia ya watu. Familia nyingi za Bukoba na Muleba zina jina la mtu aliyepotea siku hiyo.

Meli ile haikuzama mara moja. Ilielea kwa muda, tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu walio hai. Waliwezaje kuishi? Chukua bakuli, ligeuze kifudifudi, ulisukume ndani ya ndoo ya maji. Utaona maji hayajai ndani ya bakuli, kwa sababu hewa imebanwa mle. Hewa ya namna hiyo ndiyo iliyowapa pumzi watu wale. Na hewa hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kuielesha meli.

Sasa toboa tundu kwenye bakuli lako. Hewa inatoka, maji yanaingia, bakuli linazama. Ndivyo ilivyokuwa. Tundu lilitobolewa kwenye meli ili watu watolewe. Hewa ikatoka, na meli ikazama na watu wake.

Waliotoboa walitaka kuokoa. Kilichokosekana ni kikosi chenye ujuzi na vifaa vya kazi hiyo, nacho kiwe karibu.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Watu zaidi ya 200 walifariki. Lakini siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa ndani ya kivuko fundi mmoja akiwa hai. Naye alikuwa amepata mahali penye hewa. Kwa hiyo tunajifunza kwamba chombo kilichopinduka kinaweza kuwa na watu walio hai ndani. Tusikitoboe, na tusikate tamaa upesi. Tuwaite wenye ufundi.

ZIWANI: WAVUVI NDIO WALIOWAHI

Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa asubuhi, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndani yake mlikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Watu 24 waliokoka.

Ni nani waliowahi kufika? Ni wavuvi, kwa mitumbwi na makasia yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima, na Serikali ikaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo.

Hebu tulifikirie agizo hilo. Kijana alikuwa tayari na moyo, na alilijua ziwa. Kwa nini apelekwe kusoma? Kwa sababu mvuvi akipiga mbizi anategemea pumzi aliyoibana kifuani. Mpiga mbizi wa kikosi hubeba mtungi wa hewa mgongoni, akaweza kukaa chini na kufanya kazi. Anafundishwa kufunga kamba ya kumrudisha, kuona gizani kwa mikono, na kutofuata mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kutoka. Moyo wa mvuvi ukiongezewa ujuzi na vifaa, hapo tunapata mwokoaji kamili.

Nasi tulio pwani ya ziwa, visiwani Ikuza, Goziba na kwingineko, tufanye nini mtu akizama mbele yetu?

Usimrukie. Mtu anayezama hushika chochote anachokipata, akikushika shingo mtazama wote wawili. Mnyoshee kasia au mti mrefu. Kama yuko mbali, mtupie kamba. Kama huna kamba, mtupie dumu tupu lililofungwa mfuniko. Dumu la lita 20 lenye hewa tupu humwelesha mtu mzima. Ukimfuata kwa mtumbwi, mpandishe kwa nyuma au kwa mbele, si kwa ubavu, mtumbwi usipinduke.

Ukishamtoa, usimning'inize kichwa chini ati maji yatoke. Huko ni kupoteza wakati. Mlaze chali, angalia kama anapumua. Kama hapumui, inua kidevu chake, ziba pua yake, mpulizie hewa mdomoni mpaka kifua kiinuke. Mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza aendelee kumbana kifua na kumpulizia, huku wengine wakitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Hata akizinduka, apelekwe.

SHIMONI: MTU WA PILI NDIYE HUFA

Huku kwetu tunachimba visima na mashimo ya vyoo. Mara nyingine tunasikia habari kwamba fulani alishuka shimoni akaanguka. Ndugu yake akashuka kumsaidia, naye akaanguka. Akashuka wa tatu. Watu husema ni uchawi. Kumbe ni hewa.

Ndani ya shimo refu hewa nzuri inaweza kuwa haba. Tena zipo hewa mbaya nzito kuliko hewa tunayovuta, nazo hutuama chini kama maji. Nyingine haina harufu. Mtu anavuta mara chache tu, analegea, anaanguka. Na mashine ya petroli ya kuvuta maji ikiteremshwa shimoni ikawashwa, moshi wake unaua vivyo hivyo.

Wengine huteremsha mshumaa au taa. Ikizimika, wanajua hewa ni mbaya. Ni kweli. Lakini ikiendelea kuwaka, usiseme basi pako salama. Zipo hewa zinazoua mtu huku taa inawaka, na zipo zinazolipuka zikikutana na moto.

Zimamoto hawashuki hivi hivi. Huvaa barakoa na mtungi wa hewa. Hufungwa kamba na mkanda. Juu hubaki watu wa kumvuta. Ikiwa wao wenye mafunzo hawashuki bila mtungi, wewe utashukaje na kanzu yako?

Basi sheria yetu iwe hii: mtu akianguka shimoni, asishuke mtu wa pili. Piga 114. Mwite kwa sauti. Kama bado ana nguvu, mteremshie kamba yenye kitanzi ajivike kwapani, kisha mvuteni. Ondoeni watu ukingoni, udongo usimwangukie. Tena tujenge desturi ya kufunga kamba kiunoni mwa kila fundi anayeshuka, na juu wabaki watu wawili wa kumvuta. Kamba hiyo ni bei ndogo kuliko msiba.

MOTO: DAKIKA ZA KWANZA

Moto unaishi kwa vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto. Ukiuondolea kimoja, unakufa. Maji huondoa joto. Mchanga na blanketi bichi huondoa hewa. Kukata nyasi kuizunguka nyumba huondoa kitu cha kuungua. Ukilijua hili, umeijua nusu ya kazi ya zimamoto.

Lakini si kila moto unazimwa kwa maji. Petroli, mafuta ya taa na mafuta ya kupikia huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka. Ukimwaga maji unausambaza moto. Tumia mchanga, udongo au blanketi lililoloweshwa. Mafuta yakiwaka sufuriani, funika kwa mfuniko na uondoe moto wa chini. Moto wa umeme nao usiumwagie maji. Zima umeme kwanza, kama unaweza kufika kwenye swichi kubwa bila hatari.

Kambi za uvuvi ni mahali pa kuangalia sana. Vibanda vimebanana, na petroli ya injini imewekwa mle mle anapolala mtu na kupika. Tuiweke petroli katika kibanda cha peke yake, mbali na meko. Huhitaji fedha kufanya hivyo.

Nguo ya mtu ikiwaka, asikimbie. Mbio humpa moto hewa. Alale chini ajiviringishe, au afunikwe kwa blanketi. Kisha mmwagilie jeraha maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, samli, wala unga. Vitu hivyo huzuia joto lisitoke, na huleta uchafu kwenye kidonda.

Moshi nao unaua kuliko tunavyodhani. Moshi hupanda juu. Ndani ya nyumba yenye moshi tambaa chini, maana ndiko hewa iliko. Ukishatoka, usirudi kufuata redio, godoro wala fedha.

Tarehe 14 Septemba, 2020, bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani kwetu, liliungua usiku. Watoto 10 walifariki. Wazazi, tusisubiri msiba mwingine. Twendeni shuleni tuulize: Bweni lina milango mingapi? Usiku mlango unafungwa kwa kufuli, na ufunguo anao nani? Madirisha yenye nondo yanaweza kufunguka kwa ndani? Watoto wamewahi kufanya zoezi la kutoka usiku? Kuuliza si ugomvi. Ni haki ya mzazi.

BARABARANI NA WAKATI WA TETEMEKO

Gari likianguka na mtu akabanwa, usimvute kwa nguvu. Unaweza kumvunja shingo au uti wa mgongo, ukamwacha kiwete. Zimamoto wana mikasi ya mashine inayokata bati na vyuma, wakalifungua gari na kumwacha mtu alivyo, wakamtoa polepole. Kazi yetu ni kuzima injini, kuzuia damu kwa kitambaa safi, kukataza sigara, na kuweka watu wa kusimamisha magari mengine. Ila kama gari linawaka moto au linazama, hapo mtoe upesi.

Gari la mafuta likianguka, kimbia mbali. Tarehe 10 Agosti, 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu walikusanyika kuchota petroli. Ukatokea moto, na wakafa watu zaidi ya 100. Ndoo moja ya petroli haina thamani ya roho ya mtu.

Na tetemeko tunalijua. Tarehe 10 Septemba, 2016, saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika hapa Kagera kwa nguvu ya 5.9. Watu 17 walifariki, mamia waliumia, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

Nyumba ikimwangukia mtu, msipande wote juu ya kifusi. Uzito wenu utambana zaidi. Nyamazeni kwanza. Gongeni mara chache, kisha sikilizeni kama anajibu. Ondoeni tofali moja moja kuanzia juu. Nguzo au boriti iliyoshikilia ukuta msiivute, maana huenda ndiyo iliyomzuilia asipondeke. Tena tetemeko hurudia, kwa hiyo msiingie katika nyumba yenye nyufa kubwa.

JINSI YA KUPIGA 114

Wengine hupiga simu, wanalia, wanakata. Anayepokea hajui aende wapi. Ukipiga 114, tulia useme mambo haya:

1. Kumetokea nini: moto, kuzama, shimo, au gari.
2. Ni wapi: wilaya, kata, kijiji, na alama inayojulikana, kama shule, kanisa, msikiti au mnada.
3. Watu wangapi wako hatarini.
4. Namba ya simu inayopatikana.

Usikate mpaka uambiwe. Kisha mtume mtu asimame barabara kuu, awaongoze. Vijiji vyetu vimejificha ndani ya migomba, na gari kubwa linaweza kuipita njia ya kuingilia mara mbili. Na tuwakanye watoto wasiichezee namba hii. Simu ya utani inaweza kumchelewesha mwokoaji aliyekuwa anahitajika kwingine.

WAITENI KABLA YA AJALI

Kazi nyingine ya Jeshi hili ni kutoa elimu. Hukagua majengo kama shule, masoko na vituo vya mafuta, na kuonyesha hatari zake. Hufundisha wanafunzi na wananchi jinsi ya kutumia mtungi wa kuzimia moto, na jinsi ya kutoa huduma ya kwanza.

Basi mbona tunawakumbuka siku ya msiba tu? Mkutano wa kijiji unaweza kuazimia kuwaita, mwenyekiti na mtendaji wakapeleka maombi kituoni kwao. Darasa la kisomo linaweza kuomba. Kikundi cha wavuvi kinaweza kuomba. Siku wanapokuja, kina mama wawepo, maana wao wanashinda jikoni karibu na meko, na wao ndio huwa karibu na watoto.

Ndugu wasomaji, kituo cha zimamoto hakiwezi kuwa mlangoni pa kila mtu. Gari lina mwendo wake, barabara ina matope yake, na ziwa lina mawimbi yake. Wao wana vifaa na ufundi. Sisi tuna ukaribu. Tukijua la kufanya, na zaidi tukijua la kutofanya, watatukuta tumemshikilia mtu wao wa kuokoa akiwa bado hai.

Kateni ukurasa huu, mwandike 114 kwa herufi kubwa, muubandike mlangoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bakuli lililogeuzwa halijai maji? Meli ya MV Bukoba ilizama kabisa baada ya jambo gani?
2. Ndugu yako ameanguka kisimani, hajibu. Watu wanakuhimiza ushuke. Utawaambia nini?
3. Taja moto wa aina mbili usiozimwa kwa maji.
4. Mtu akikuuliza kijiji chenu kiko wapi, mtamwelekeza kwa alama gani? Andikeni maneno hayo, myasome kwa sauti kama mnaopiga 114.
5. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panapoweza kuua watu wengi kwa mara moja? Ni jambo gani moja mnaloweza kulifanya hapo mwezi huu, bila kungoja msaada?